Bei Ilipopanda, Mama Akapunguza Maziwa

Nafundisha uchumi katika sekondari moja mjini Moshi, na mada niipendayo kuliko zote ni ugavi. Ni mada rahisi, haina kona. Bei ikipanda, mzalishaji huleta mali zaidi sokoni. Bei ikishuka, hupunguza. Nachora ubaoni mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, nageuka, nauliza nani hajaelewa, na hakuna anayenyoosha mkono kwa sababu wanafunzi wangu wanajua hasira zangu ziko karibu. Mstari huo nimeuchora miaka mingi bila wasiwasi. Aliyenitia wasiwasi ni mama yangu mzazi, mwanamke aliyeishia darasa la nne, ambaye bei ya maziwa ilipopanda alipunguza maziwa.

Mama anaishi juu mlimani, kwenye kihamba alichoachiwa na baba: migomba, mibuni michache iliyobaki, nyumba katikati na zizi nyuma ya nyumba. Baba alishafariki. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam, mimi nimepanga vyumba viwili Majengo, huku mjini, kwa hiyo siku nyingi mama alikuwa peke yake na ng'ombe wake mmoja, mweusi mwenye baka jeupe begani. Mtu wa tambarare akisikia ng'ombe mmoja atadhani ni kazi nyepesi. Huko kwao ng'ombe huyafuata majani. Kwetu hakuna pa kuchungia, mlima umejaa watu na migomba. Ng'ombe huzaliwa zizini na kuzeekea zizini, na majani ndiyo yanayomfuata yeye, juu ya kichwa cha mwanamke.

Majani mazuri yako kwenye shamba la chini, karibu na tambarare, kwenye joto. Kutoka nyumbani ni saa nzima ya kuteremka. Unakata kwa mundu, unafunga mzigo kwa kamba za mgomba, unaweka kichwani kata, ile pete ya majani makavu ya mgomba, kisha mwenzio anakutwisha na unaanza kupanda. Kupanda ni zaidi ya saa moja na nusu, na njia nzima huwezi kugeuza shingo. Mama alifanya hivyo mara mbili kwa siku, alfajiri na mchana, tangu alipoolewa. Ng'ombe angeweza kuishi kwa magogo ya migomba na majani ya kihambani, asingekufa, lakini maziwa hasa hutoka kwenye yale majani ya chini.

Maziwa ya asubuhi yalikwenda kuuzwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Ya jioni yalibaki nyumbani, na kama kwenye njia yetu kulikuwa na mwanamke aliyejifungua, alipelekewa yeye kwanza. Hayo ya asubuhi ndiyo yaliyonisomesha. Kahawa ya baba iliezeka nyumba na kumnunulia suti ya kanisani, lakini ada yangu ya sekondari, godoro la bweni, nauli ya chuo, vyote vilitoka kwenye keni ya maziwa ya mama. Nilijua hivyo siku zote, kama mtu anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Sikuwahi kukaa chini nikalitafakari.

Basi mwaka ule kiangazi kikawa kirefu. Majani yakawa ya shida, ng'ombe wengi wakakata maziwa, na wakati huohuo kuna mtu mjini alikuwa ameanza kutengeneza mtindi wa kuuza madukani na hotelini. Maziwa yakawa yanatafutwa kwa tochi. Lita iliyokuwa shilingi mia nane ikafika elfu moja, kisha elfu moja na mia mbili, na gari la mtindi likawa linafika kituoni kabla ya akina mama wenyewe.

Kijiji kilifanya vilevile ninavyofundisha. Nyumba zilizozoea chai ya maziwa zikahamia chai ya rangi. Jirani yetu mmoja aliuza mbuzi wake wote akanunua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa. Mwingine aling'oa maharage ukingoni mwa shamba akapanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe. Wanawake ambao hawajawahi kugombana walianza kugombea majani ya kando ya barabara, na pumba nazo zikapanda bei, maana wauza pumba si wajinga. Masika yaliyofuata, mitamba walionunuliwa walipozaa wote kwa mkupuo, bei ilianguka na wengi walishika tama, lakini hayo yalikuwa bado mbele. Mimi wakati ule nilikuwa nachekelea. Kila nilipotoka nyumbani nilirudi darasani na mfano mpya, na wanafunzi wakawa wananiuliza, mwalimu, leo kijijini kwenu wamefanya nini?

Mwezi wa kumi nilipanda kumwona mama. Njiani nikapita kituoni makusudi, ili nimsikie yule mama anayepima maziwa akimsifu mama yangu. Badala yake aliniuliza, "Mwalimu, ng'ombe wa mama anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Alikuwa analeta lita sita. Siku hizi tatu. Na kwa bei hii, aisee, mtu ungelala zizini na ng'ombe wako."

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi nikamkuta mama ameketi barazani kwenye kigoda, anapukuchua maharage taratibu. Sikuwahi kumwona ameketi saa nne asubuhi. Niliona, lakini sikuelewa nilichokuwa nakiona, nilikuwa na haraka ya kuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, ng'ombe anaumwa?"

"Haumwi. Jana kaipiga ndoo teke mpaka ikafika kwenye migomba. Mgonjwa ana nguvu hizo?"

"Mbona unapeleka lita tatu?"

"Siku hizi nashuka mara moja tu. Majani yakipungua, na yeye anapunguza."

"Lakini bei imepanda, mama!"

"Ndiyo," akasema kwa furaha, kana kwamba hatimaye tumeelewana. "Bei imepanda."

"Sasa bei imepanda, wewe ndiyo unapunguza?"

Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyelala darasani. "Mwanangu, zikitosha tatu, sita ni za nini?"

Nilichukua kijiti nikachora vumbini. Huku bei, huku maziwa, mstari unapanda. Nikamweleza, sauti ikinipanda kidogokidogo pamoja na mstari. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akatazama mchoro. "Mstari umenyooka," akasema, kisha akarudi kwenye maharage yake.

Nilirudi Majengo nimevimba. Ndani ya kitabu ninachofundishia kuna aya fupi, karibu na mwisho wa mada, inayosema kwamba mshahara ukipanda sana kuna watu hupunguza saa za kazi, kwa kuwa sasa wanaweza kuishi bila kujichosha. Aya hiyo huwa naipa dakika tano, kwa sababu ni nadra kutoka kwenye mtihani. Siku ile haikunijia akilini kabisa. Nilijiambia mama anazeeka, mama hana mtaji, mama amezoea kidogo. Nilidhani tunabishana juu ya maziwa. Tulikuwa tunabishana juu ya shingo yake, na mimi, mwanaye wa kike wa pekee, nilikuwa upande wa mzigo.

Mtu akisoma sana hupata ugonjwa wa kutaka kuwatengeneza wengine. Niliamua kumnunulia mama ng'ombe wa pili. Nilijinyima, nikaahirisha kochi nililokuwa nimelipigia mahesabu, na mwezi wa kumi na mbili nikaenda Tarakea kwa mzee mmoja aliyesifiwa kuwa na ng'ombe wazuri wa maziwa. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamwita meku kama tunavyowaita wazee wetu, nikambembeleza apunguze. Alicheka. "Mwalimu, maziwa yakiwa elfu na mia mbili, unataka nikuuzie ng'ombe kwa bei ya mbuzi?" Nikalipa. Lilikuwa ni somo langu mwenyewe.

Ng'ombe alipanda mlima kwa lori dogo la kanta siku ya pili ya Krismasi. Kaka zangu walikuwa wamekuja na familia zao, kama wanavyokuja watu wote wa kwetu mwezi huo, mtori wetu wa ndizi na nyama ulikuwa jikoni, na uani palijaa ndugu. Alipoteremshwa, mwekundu, mpana, kiwele kimejaa, vigelegele vilipasuka. Nilisimama kifua mbele nikasema kwa sauti kwamba hii ni zawadi yangu kwa mama aliyenisomesha. Mama alikuja polepole, akaweka viganja vyake viwili kwenye paji la uso la yule ng'ombe. "Aika, mwanangu," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Aika sana. Mungu akuongeze." Macho yake yalikuwa na machozi. Mpwa wangu alipiga video, nikaiweka kwenye status ya simu yangu watu waone.

Kwetu ng'ombe anayeletwa na mtoto hakataliwi, tena mbele za watu. Kumkataa ni karibu sawa na kumlaani aliyemleta. Mila hiyo naijua tangu utotoni. Kama ningemletea blanketi, angeweza kuniambia blanketi ninalo. Mimi nilimletea kitu ambacho hawezi kukikataa, nikamletea mbele ya ukoo mzima, halafu nikayaita yale machozi furaha.

Januari na Februari shule ilinibana, tukawa tunaongea kwa simu. "Ng'ombe hajambo?" "Hajambo sana." "Anakula?" "Anakula vizuri, anapendeza." "Maziwa?" "Mengi, namshukuru Mungu." Hakuna hata neno moja la uongo. Mama ni mlokole wa Kilutheri, hasemi uongo. Lakini hajawahi kuapa kwamba atajibu asichoulizwa.

Mwezi wa tatu, likizo fupi, nilikwenda kukaa siku nne. Kabla hata ya kuingia ndani nilizunguka nyuma ya nyumba. Zizini alikuwapo yule mweusi peke yake, anatafuna gogo la mgomba.

"Mama! Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. "Ng'ombe wako? Si ulinipa?"

"Yuko wapi, mama?"

"Nimemwekesha."

Kumwekesha mtu ng'ombe ni jambo la zamani kwetu. Unampa jirani ng'ombe wako amfuge. Yeye anamkatia majani, na kwa jasho lake anapata maziwa na samadi. Wewe unabaki kuwa mwenye ng'ombe, na ndama akizaliwa ni wako, ila baada ya ndama kadhaa naye hupewa mmoja. Wazee walisambaza utajiri wao hivyo. Mama alikuwa amemwekesha ng'ombe wangu kwa mama mmoja kijana, nyumba ya tatu kuteremka, mwenye watoto watatu wadogo na mume mpagazi wa wageni mlimani, anayepata kazi msimu hadi msimu. Alimpeleka wiki ileile, ndugu walipokwisha kurudi Dar.

Nilikwenda kumwona. Yule mama alinipokea kwa mikono miwili, akaniita dada, akanimiminia kikombe cha maziwa kilichojaa mpaka ukingoni. Watoto wake walinitazama, mashavu yamejaa. Nilikunywa, nikashukuru, nikarudi kwetu nimewaka moto.

"Kila siku lita kumi zinatoka pale, mama! Bei haijawahi kuwa hivi! Nimejinyima, nimekwenda mpaka Tarakea, na wewe umegawa!"

"Sijagawa. Ng'ombe bado ni wangu."

"Maziwa umegawa! Ndiyo maana hatuendelei. Mtu analetewa utajiri mlangoni, anausukuma kwa jirani kwa sababu ya uvivu wa..." Neno lilinitoka, nikalisikia likitua. Ndege waliendelea kulia kwenye migomba. Mama aliingia jikoni, na nilimwona akiegemea ukuta kwa mkono kabla ya kuketi, kwa sababu ya goti lake la kulia linalomuuma.

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapohapo. Mimi nikipata hasira huwa naongeza. "Kama ni majani," nikasema kupitia mlangoni, "siku hizi nne nitakata mimi. Nione huo mlima ulivyo."

Asubuhi yake niliondoka na mundu kabla jua halijatoka. Kuteremka kulikuwa raha, niliimba. Niliwakuta wanawake watano wa kwetu shamba la chini, wakanicheka, wakanionyesha jinsi ya kufunga. Mzigo waliponitwisha, nilihisi shingo yangu inazama mabegani. Hatua za kwanza nilizipiga kwa kiburi. Nilipofika kwenye mwinuko wa mtoni, kiburi kilikuwa kimeisha na nilikuwa nahesabu mawe. Jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta, maana mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine umeshika mundu. Majani yanakuwasha shingoni. Ukikwaa, unakwaa na mzigo mzima. Nilifika nyumbani mama akaniangalia, akanipa maji. Mchana nikarudi tena, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Siku ya pili nilikwenda mara moja na nusu. Mzigo wa mchana niliubwaga njiani, akina mama wakagawana wakaumalizia. Siku ya tatu, tukiwa tumetua kwenye ukuta wa mawe wanapopumzikia, mmoja wao, mtu mzima wa rika la mama, alinitania. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa mundu siku ya kwanza, ndiyo maana umekonda."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa kucheka kuliuma.

"Mwalimu," akaendelea, "unajua mama yako alikuwa anapita hapa mimba ikiwa ya miezi minane? Mimba yako hiyo. Tukamwambia pumzika. Akasema, nikipumzika huyu atasomea nini?" Alisema kama mtu anayesimulia habari za mvua. Akachukua kata yake akaiweka kichwani. "Haya, nitwisheni."

Nilipanda sehemu iliyobaki nikilia, na hakuna aliyejua, kwa sababu uso wangu ulikuwa tayari umelowa jasho. Nililia kwa aibu. Miaka yote hiyo nimefundisha gharama za uzalishaji, nikazitaja pembejeo, usafiri, riba, kodi, na mwanafunzi akisahau moja namkata alama. Shingo ya mtu sikuwahi kuiandika ubaoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimemletea mama kitanda cha pili.

Mchana ule sikurudi shambani. Nilijilaza kifudifudi kwenye mkeka barazani, na mama akaleta maji ya moto na kitambaa, akaanza kunikanda. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja panapouma, bila kuuliza.

"Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Tulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umechoka."

Alinikanda muda mrefu kabla ya kujibu. Mama yangu hajawahi kulitamka neno hilo mbele yetu, hata alipomzika baba.

"Wewe ndiye uliyesoma kwa majani yale," akasema. "Nikikuambia nimechoka, utaona kama nakulaumu. Mtoto hapaswi kubeba hilo." Akakamua kitambaa. "Bei ilipopanda nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Nikasema, sasa naweza kushuka mara moja. Sukari inapatikana, umeme unapatikana, sadaka inapatikana, na mchana nakaa. Mwanangu, miaka yote niliyoishi hapa nilikuwa sijui kwamba saa nane mchana, hapa barazani, kuna upepo."

Upepo ulikuwapo kweli, unatikisa migomba polepole.

"Halafu," akasema, na nikasikia anacheka, "ukaniletea wa pili."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, uso kwenye mkeka. Nilipoweza kusema nilimuuliza kama angependa na yule mweusi aondoke. Akasema kwetu zizi tupu ni aibu ya mwanamke, hata awe na umri gani, na migomba bila samadi itakonda, na kaka zangu watasema amevunja nyumba ya baba yao. Nikamwambia mama, sijauliza hayo. Nimeuliza kama ungependa.

"Ningependa," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Jioni hiyo nilimpigia kaka mkubwa. Alianza kama nilivyotarajia: zizi tupu, sisi ni watu wa namna gani, majirani watasema nini. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia majirani wana ruhusa ya kusema, na yeye ana ruhusa ya kuacha kazi Dar aje akate majani mara mbili kwa siku, mundu upo, kata nitamsukia mwenyewe, aone shingo inavyouma. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Mama anaumwa shingo kwani?" Nikamwambia ndiyo, na hatukujua, sote watatu.

Mnunuzi hakutafutwa, kwa bei ile ya maziwa, walikuja wawili siku moja. Mama alimchagua yule aliyemwangalia ng'ombe machoni kabla ya kumwangalia kiwele. Alimfungua kamba mwenyewe, akampapasa lile baka jeupe la begani, akamwambia jambo kwa Kichagga ambalo sitaliandika, ni lao wawili. Kisha akachukua ufagio akafagia zizi mpaka likang'aa. Yule mama kijana wa nyumba ya tatu alikuja jioni hiyo na kiroba cha samadi kwa ajili ya migomba na chupa ya maziwa. Mila haimlazimishi kuleta maziwa. Alileta, na ameendelea kuleta.

Nilishuka mjini kufundisha. Jumamosi iliyofuata nikapanda tena na mkate na sukari. Bodaboda alinishusha njia panda saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshakuwa kali. Nilipofika uani nilisimama. Mlango umefungwa. Jikoni hakuna moshi. Kuku walikuwa bado wamefungiwa, wanalalamika. Tangu nizaliwe sikuwahi kuikuta nyumba ile hivyo saa hizo.

Nilipiga hodi. Nikapiga ya pili, na ya tatu, kwa sauti isiyo yangu. Mkate ulianguka. Nikazunguka dirishani, nikapenyeza mkono kati ya nondo nikasogeza pazia. Mama alikuwa kitandani, amelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Nikalikodolea macho blanketi. Nikaomba, Mungu wangu, si sasa, si wiki hii.

Blanketi lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Mama akakoroma kidogo, akageuka upande wa pili.

Niliketi kwenye ngazi ya mlango nikalia kama mtoto, kwa furaha na kwa huzuni, sikuweza kuzitenganisha. Nilikuwa bado nalia alipopita kwenye njia yule mama wa rika lake, aliyenitania pale ukutani, na mzigo wake wa majani kichwani. Hakuweza kugeuza shingo, akasimama akaniuliza akiangalia mbele.

"Mwalimu, mama yupo?"

"Yupo. Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Amelala tu."

Aliuweka sawa mzigo wake kichwani.

"Basi usimwamshe," akasema, akiwa ameshusha sauti, akaendelea kupanda.